Torquil Uwanjani Jumapili

Dolina, upo? Torquil amecheza gofu leo. LEO, Jumapili!

Mume wangu huyu huyu, mzee wa kanisa miaka arobaini, anayenikataza hata kuanika taulo kambani siku ya Bwana.

Nilimwacha kitandani na mafua. Tunatoka ibadani, jirani yetu Murdag akanivuta mkono: "Ceiteag, yule kule ufukweni si mumeo?" Kanisa zima likageuka. Yuko kwenye ule uwanja wa gofu waliouanzisha babu zake kando ya ufukwe, shimo la pili, kofia yake ya kijani, anapiga mpira katikati ya kondoo.

Nikateremka mchangani na viatu vya kanisani. "Torquil, leo Jumapili."

Akacheka! "Acha utani, mama. Mimi nishike fimbo Jumapili? Leo Jumamosi."

Jumamosi, Dolina. Na mimi nimesimama mbele yake na Biblia kwapani.

Aliposahau majina ya wajukuu nilisema ni uzee tu. Funguo, uzee. Lakini Jumapili? Torquil asahau Jumapili?

Akaniambia, "Mbona umejipamba hivyo? Haya, nishikie bendera ya shimo." Watu wote wako kwenye ukuta wa kanisa wanatazama. Nikaiweka Biblia kwenye nyasi, nikamshikia.

Mpira ukaingia. Akafurahi, maskini. "Twende nyumbani nikapige viatu rangi, kesho kanisani tusichelewe."

Yuko jikoni sasa, anavipiga rangi, vyake na vyangu. Changu cha kushoto kina mchanga. Ananiuliza nimeutoa wapi.