Mafuta ya Gwaride

Mutua mjukuu wangu,

Sisi huku Doha tu wazima. Shangazi yako bado anashika zamu hospitalini, na kila Ijumaa hunipeleka kanisani, mtaa wa Mesaimeer. Goti langu limependa joto la huku.

Unauliza kama lile toleo jipya la bastola unalotaka kununua linategemeka, maana leseni umeshapata. Mimi sijalishika. Ila nilipokuwa polisi Marsabit tuliletewa bastola mpya, na yangu niliipaka mafuta kila asubuhi ing'ae kwenye gwaride. Siku niliyoihitaji, ikakwama. Nilipona, hayo yatosha. Nikampelekea fundi wa silaha, nikasema ni mbovu. Aliifungua, akafuta tope la mafuta na vumbi, akafyatua risasi ishirini mfululizo.

"Konstebo, silaha ni nzima," akaniambia. "Ila ulikuwa unamtunzia mkaguzi wa gwaride."

Basi nenda uwanja wa shabaha, uijaribu kwa risasi zilezile utakazobeba. Ikikwama, iache dukani. Isipokwama, usilipe kwanza. Niandikie unijibu: unainunua ikulinde, au ionekane?

Ni mimi babu yako, mtaani Abu Hamour, Doha.