Mjapani Uliyempa Jina Langu

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike kule Kipese sijakuandikia, lakini juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu ile filamu yako. Ndiyo, ile ya Mjapani! Nimeitazama mpaka mwisho, hapa Mulekera, miwani puani na kitambi magotini. Sasa nina neno nawe.

Unakumbuka ilivyofika Butembo, wakati ule wa vita? Kwenye ganda la kaseti palikuwa na mwanaume mwenye upanga, nasi tukajua: karate. Salle, ukumbi wetu wa video, ikajaa. Kumbe ni maisha ya mwandishi! Picha za utoto wake hazina rangi, halafu vitabu vyake vinachezwa ndani ya nyumba za dhahabu, kuta zinafunguka kama mchezo wa Noeli parokiani. Vijana wakapiga miluzi: "Yaya, mapigano iko wapi?" Nawe, mtafsiri wetu mwenye mikro na Kiingereza cha kununulia sabuni mpakani Kasindi, ukajibu: "Mungoje! Huyu anapiganaka na kalamu kwanza."

Kila shujaa wa filamu ulimpa jina la kwetu, mara nyingi Paluku, jina la kifungua mimba. Siku ile ukatangaza, "Huyu anaitwa Katembo." Salle nzima ikanigeukia, ikacheka. Mimi sikucheka. Chini ya kitanda nilikuwa nimeficha mabuti ya mpira, makubwa kuliko miguu yangu ya korongo. Kesho yake asubuhi mimi na jirani yetu Muhindo tulikuwa tunakwenda msituni, kwa wapiganaji. Nilidhani hakuna anayejua. Na nani alifagia chumba kile, kama si wewe?

Basi tukamwona Katembo wa Japani akilivisha jeshi lake dogo sare maridadi, akipanda roshani kuwahutubia askari wa kweli. Wakamzomea. Hapo ukashusha sauti, ukawa mama yetu kabisa:

"Katembo, mutoto wangu, rudi nyumbani. Sombe inapoa."

Ukazima mashine.

Vijana wakalalamika: "Mais, na mwisho yake?"

"Alirudi, akakula. Mutoke, batoto!"

Nyumbani sombe, kisamvu chako, ilikuwa mezani kweli. Nikala, nimeinamisha kichwa. Mabuti ukayachukua wewe, ukalimia viazi. Yalikutosha sawasawa, na miguu yako nikaitania mpaka uzee. Muhindo aliondoka peke yake. Mama yake bado anamngoja.

Yaya, hakuna sombe katika filamu ile. Hakuna mama anayemwita. Mjapani aliingia ndani, akajiua kwa upanga. Wajapani wenzake hata leo wanabishana: shujaa au kichaa? Mimi sijui, sijasoma hata kitabu chake kimoja. Ninachojua ni kwamba ulidanganya salle nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Binti yangu aliniuliza kwa nini ninalia. Nikamwambia ni moshi wa jikoni, akacheka, maana tunapikia umeme.

Pumzika, mtafsiri mbaya kuliko wote. Wananiita mezani.

Mdogo wako,
Katembo, yule aliyerudi kula