Blogu Yetu Imefunguliwa kwa Kila Mtu

Usagara, Tanga

Kaka Shehe, shikamoo.

Huku mvua zimeanza, na shangazi wa Pangani ametuletea gunia zima la nazi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ile blogu yetu sina hamu nayo tena.

Wenye tovuti ya blogu wanasema wameiboresha. Juzi nimeenda kuifungua pale intaneti kafe, nikakuta rangi mpya, vitufe vipya, na mipangilio yote wameihamisha. Nikahangaika nayo mpaka muda wangu ukaisha. Kumbe katika kuboresha huko wameifungua, na yale tuliyokuwa tukiandikiana mimi na wewe tu, sasa anayasoma yeyote.

Nazlin, binti wa dukani, akayasoma. Akaja mbio, akamkumbatia Mama huku analia. "Pole, Bi Mwamvua. Mungu atakuponya hiyo saratani."

Mama alikuwa anakuna nazi. Akanigeukia: "Saratani gani, Hafsa? Si uliniambia ni vidonda vya tumbo?"

Wenye tovuti nimewaandikia nikawalalamikia, wakanijibu asante kwa kutumia huduma yetu mpya! Nilitamani kuivunja ile kompyuta.

Mama hakulia. Alimaliza kukuna nazi, na baada ya swala ya alasiri akaniita.

"Mlinificha ili nisiogope. Sasa nimejua, na naogopa. Mwambie kaka yako huko Maskati asiniandikie pole. Aje."

Basi njoo, kaka.

Mdogo wako,
Hafsa