Mnyororo na Kamba Njia ya Michenga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Ifakara, tarehe 15/04/2024, asubuhi
Jina: RESTUTA DAMIANI LIGOHA
Umri: Miaka 36
Kabila: Mpogoro
Dini: Mkristo (RC)
Kazi: Mpishi
Makazi: Morogoro mjini hadi Jumamosi, sasa Michenga

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikisema uongo sheria itanishika.

Evaristo Mkwawila ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Nyumba yetu iko Michenga. Mimi nilikuwa Morogoro tangu mwaka juzi, napika kwenye hosteli ya wanafunzi. Yeye alibaki na trekta, analima mashamba ya mpunga ya watu, na masika anavuta magari yaliyonasa. Tulikuwa tunaongea kwa simu kila jioni. Krismasi sikupata ruhusa. Mwezi wa tatu nilitoa notisi ya kuacha kazi, nikamwambia narudi moja kwa moja, siji kusalimia. Aliniomba nirudie kusema.

Mnamo tarehe 10/04/2024, mchana, alinipigia akiwa dukani hapa Ifakara. Alitaka kitu cha kuvutia magari kwa sababu mnyororo wake alikuwa hauamini tena. Alisema muuzaji amemwekea mbele vitu vitatu: mnyororo mpya, mkanda bapa usiovutika, na kamba ya nailoni inayovutika. Nilimwambia kwa akili yangu mnyororo ndio imara. Akasema, "Imara ni imara, Resti, lakini hauna huruma. Gari likigoma, nguvu yote inakwenda kwenye chuma, na chuma kikikatika kinaruka. Hii kamba inavutika kama mpira, halafu inajirudi yenyewe, inamtoa aliyenasa polepole. Na mwishoni haina ndoano, ina macho, yaani vitanzi vya kushonwa."

Nikamwuliza kwa nini basi asichukue ile nene kuliko zote. Akasema na yeye aliuliza hivyo hivyo, akaambiwa nene mno kwa gari dogo haivutiki, inakuwa sawa na mnyororo tu. Alichukua ya kati, ya kutosha Noah na Hiace zinazopita kwetu. Nikamwuliza urefu wake. Akasema, "Mita tisa. Morogoro haifiki." Tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Mimi nilikuwa jikoni, wali ukaungua.

Hayo nimeyasema kwa sababu umeniuliza kama Evaristo alijua hatari ya mnyororo. Alijua.

Mnamo tarehe 13/04/2024, siku ya Jumamosi, nilifika Ifakara kwa basi kama saa saba mchana. Nilipanda Noah ya Agapiti, dereva anayebeba abiria wa Michenga. Tulikuwa abiria watano, mmoja ana mtoto mgongoni. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, upande wa kushoto, mzigo wangu miguuni.

Mvua ilikuwa imekatika lakini barabara ilikuwa mbaya. Kabla ya kufika Michenga, penye mashamba ya mpunga pande zote mbili, Noah ilizama mpaka ikakalia tumbo. Nilimpigia Evaristo. Alisema, "Nakuja na kamba. Waambie wasifunge kitu chochote mpaka nifike." Nilimwambia Agapiti maneno hayo hayo. Akajibu, "Sawa dada, tutamsubiri."

Tukiwa tunasubiri likaja lori la mpunga kutoka Michenga, likatukuta tumeziba njia. Dereva wake ni Fridolin, namfahamu kwa sura siku nyingi. Alishuka na mnyororo. Nilimwambia kupitia dirishani, "Kaka, mume wangu yuko njiani na kamba yake." Akasema, "Mama, mvua hiyo inarudi. Mnyororo huu umetoa magari makubwa kuliko haka." Agapiti alimtazama, hakukataa. Walifunga upande mmoja chini ya bampa ya Noah na ndoano ya mwisho mbele ya lori, ili lori lirudi nyuma likituvuta. Tuliambiwa tusishuke, tukae nyuma matairi yapate uzito.

Alivuta taratibu, haikutoka. Akasogeza lori mbele mnyororo ukalegea, akarudi nyuma kwa kishindo. Noah ilitikisika, mtoto akalia. Alijipanga kurudia.

Hapo ndipo nilipoliona trekta. Evaristo alilisimamisha pembeni, akaruka chini, kamba begani. Amekonda. Amefuga ndevu, na kwenye simu hakuwahi kuniambia. Kioo cha upande wangu kilikuwa na matope ya nje, nilikipangusa kwa ndani, haikusaidia. Alikuja mbio kwa upande wa kushoto wa lori. Fridolin alikuwa ametoa kichwa dirisha la kulia, anaangalia nyuma anakorudi, hakumwona. Evaristo alifika mbele ya Noah, anatupungia mkono, anapiga kelele, "Shukeni! Shukeni wote!" Lori lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Ndoano ya upande wa lori ikakatika, mnyororo ukarudi kwetu ukampiga kichwani.

Nilitokaje sijui. Nilikaa kwenye tope nikampakata. Alikuwa anapumua. Nilimwambia, "Nimefika." Nilimwambia mara nyingi.

Sisemi Fridolin alikusudia. Yeye ndiye aliyevua shati lake akafunga kidonda, huku analia. Gari la kutupeleka hospitali lilikuwa ni hiyo hiyo Noah, na bado imenasa. Fridolin alipanda kwenye trekta, Agapiti akafunga kamba ya Evaristo. Ilinyooka, ikavutika, nikadhani nayo itakatika. Noah ikatoka kwenye tope mara moja, bila kishindo. Agapiti aligeuza gari, tukarudi Ifakara. Njiani nilimshika mkono. Ulikuwa na joto kwa muda, halafu nikawa najidanganya kwamba bado unalo. Daktari alisema Evaristo amefikishwa hospitali akiwa hana uhai.

Umeniuliza kama alizungumza na mimi. Hapana. Neno lake la mwisho ni hilo la kushuka, na alikuwa anawaambia abiria. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sijui kama aliniona kioo kikiwa vile. Natamani sana kujua, lakini hakuna wa kumwuliza.

Nimemaliza. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: R. Ligoha

Mimi WP Koplo Mwanasha nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, na kumsomea shahidi. Ameyakubali, isipokuwa aliomba kila nilipoandika "marehemu" nifute niandike "Evaristo". Nimefanya hivyo.