Treni ya Baba na Mafuta ya Ng'ombe

Bweri, Musoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Natumaini hapo Tabora mvua imewakuta salama na magoti yako yamekupa nafuu. Sisi huku wazima, na mkwe wako Nyangeta anakusalimu sana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nimekuwa mwongo. Kila Jumapili unaniuliza kama ile treni ndogo ya mezani uliyonipa nilipohamia huku bado inatembea, nami najibu inatembea vizuri. Baba, ilikuwa haijatembea miaka minne. Transfoma yake ilikufa, na mimi fundi redio ninayejulikana mji mzima nikaifungia sandukuni, nikaona haya kusema. Ndiyo maana kila ulipotaka kuja nilikuwa na sababu: mara barabara mbaya, mara nyumba haijaisha.

Uliposema juzi kwamba macho yanazidi kufifia, niliogopa. Nikichelewa zaidi, utakuja kuikuta treni usiyoweza kuiona. Nikaagiza kontrola ya kisasa, kifaa cha kuongoza umeme unaokwenda kwenye reli. Nikatandika reli mezani, nikazungusha kitufe taratibu. Injini ikanguruma, ikapata moto, haikusogea hata kidogo.

Nikailaumu kontrola. Hizi mpya hazitoi umeme mfululizo kama transfoma yako. Zinautoa kwa vipigo vya haraka haraka, na mota za zamani zinavichukia. Nikafunga kapasita ya kuvilainisha. Joto likapungua, lakini treni ikabaki pale pale. Nilijua nimeiua.

Baba mkwe, Mzee Makuru, alikuwa amekuja kutoka Nyamuswa kututembelea. Aliniangalia nikihangaika, kisha akauliza kwa upole kama mafuta aliyoipaka hayakutosha. Nikamwuliza mafuta gani. Kumbe safari yake iliyopita, baada ya kuuza pamba, alilikuta sanduku, akaona magurudumu makavu, akayahurumia. Akayapaka mafuta ya ng'ombe mpaka ndani kwenye gia, na yakaganda humo.

"Mkokoteni wangu tulikuwaga tunaupaka hayo hayo miaka yote," alisema, "na haujawahi kulalamika."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Tulikaa uani, kila mtu na mswaki wake mkuukuu na petroli kidogo kwenye kikopo, tukasugua jino moja moja la gia. Mwisho tone moja la mafuta ya cherehani. Mzee akaniuliza mara mbili kama tone moja kweli linatosha.

Baba, ilitembea. Iliondoka polepole kuliko ilivyowahi kuondoka kwa transfoma, mabehewa yote matano nyuma yake, ikazunguka meza bila kutetereka. Nililia mbele ya baba mkwe na sikujali. Yeye alivua kofia. Majirani wakaja, wengi wao treni wameiona kwenye simu tu. Mama mmoja anayeuza samaki aina ya sato aliuliza inakwenda wapi. Nyangeta akamjibu kwamba inamngoja dereva wake.

Nisamehe kwa uongo wa miaka minne. Mzee Makuru naye anaomba radhi, ingawa bado anaamini kosa lilikuwa kuzidisha tu.

Msalimie dada Kabula, mwambie wanafunzi wake wasimzeeshe. Nisalimie pia shangazi anayewapikia uji, na rafiki yako wa karakana, yule anayekushinda bao.

Sasa naomba mje, wewe na Mama, kabla ya mavuno. Pandeni treni mpaka Mwanza, nitawapokea stesheni, tuje kwa basi la kupitia Bunda. Kitufe utakishika wewe. Na kama siku hiyo macho yatakataa, kwa mkono mwingine weka kidole kwenye reli. Utaisikia inakuja.

Mwanao anayekupenda,
Masanja