Harufu ya Mvua na Ukuta wa Jikoni

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kitale tuko wazima. Baba yako amemaliza kulima, tunangoja mvua tu. Lakini barua yako imenikasirisha. Ati Kiingereza kina neno zuri, "petrichor", la harufu ya mvua ikigusa ardhi kavu, na limeundwa kwa Kigiriki: jiwe, pamoja na damu ya miungu. Sawa. Halafu unaniuliza, "Kukhu, mbona sisi hatuna neno? Ama wazee hawakuisikia harufu hiyo?"

Ati hatukuisikia! Nikiwa na mimba ya baba yako, bibi arusi mgeni kule Chwele, mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Harufu ile ilinishika, nikabandua udongo kwenye ukuta wa jikoni nikala. Mama mkwe akanikuta hapo. Nikangoja matusi. Akasema, "Wacha huko chini, kuku wanapita." Akanivunjia kipande cha juu, kisha akavunja chake. Tukatafuna pamoja, kimya, tukitazama mvua.

Jiwe gani, Nekesa? Nani amewahi kutamani jiwe? Neno lao ni zuri, litumie. Lakini usiniulize tena kwa nini hatukusema kitu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Nyanya yako