Mama, Kuku Ndio Waliokula Mayai

Mama,

Assalaam alaikum. Siwezi kukuuliza hali, kwa hiyo nitaanza na habari ya kuku, maana ndiyo iliyonikalisha kitako nikashika kalamu.

Jana tulisoma arobaini yako. Watu walijaa mpaka barazani, pilau ilitosha, na sasa kaka Hamisi hasemi nami. Nimefanya jambo mbele ya watu wa mtaa mzima. Sijui huko mliko mnasikia au hamsikii, lakini kama mnasikia, nataka ulipate kwangu kwanza.

Hukujua kusoma. Barua za kaka kutoka Tanga nilikuwa nakusomea mimi, wewe umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, na nikifika penye maneno makali nayaruka. Hukudanganyika hata siku moja. "Soma na hayo uliyoyaruka," ulikuwa unaniambia. Haya. Leo siruki kitu.

Ulipoondoka, kuku waliniangukia mimi. Kumi na wanne, na lile banda lako nyuma ya choo. Wiki ya kwanza sikuokota hata yai moja, nikasema labda nao wanaomboleza. Jumatatu iliyofuata, jua limeshapanda, nilipeleka pumba. Yule mwekundu mwenye kishungi, kipenzi chako, alikuwa kwenye kiota anataga. Nikasimama kumtazama, sina haraka, siku hizi sina haraka ya kwenda popote. Akainuka, akageuka, akalitazama yai lake. Akalidonoa mara moja. Mara ya pili likatoboka. Wenzake wakaja mbio kama walioitwa kwenye karamu, wakala ute, wakala kiini, wakala na ganda. Nilipovuta pumzi mbili tatu palikuwa hapana kitu, ila majani yaliyolowa.

Bakuli la pumba lilinianguka. Nilitamka jina moja tu, kwa sauti, peke yangu mle uani: "Bi Tatu."

Unakumbuka, mama? Unakumbuka vizuri kuliko mimi.

Miaka kumi na minne Bi Tatu alikaa chumba cha uani kwetu. Alikuja mjane, na karai lake na kifuko cha nguo, na kabla ya mwaka kwisha mlikuwa mnavaa kanga doti moja. Mimi nilimwita mama mdogo. Nilipougua surua ni yeye aliyenibeba mgongoni siku tatu, kwa sababu nilikuwa nalia kila nikilazwa. Asubuhi anakaanga maandazi, wewe unampepelea moto, mnacheka mambo yenu ambayo mkiniona mnayakata.

Halafu mayai yakaanza kupotea. Leo mawili, kesho manne. Ukahesabu vichwa vya watu wa nyumba ile, kila kichwa ukakipa sababu ya kutoiba, mpaka ukabaki na kimoja. Ukasema, "Nani hapa anayehitaji mayai kila siku? Maandazi yale yamekuwa ya manjano tangu lini?" Kwanza uliniambia mimi chumbani. Kisha ukasema bombani, mbele ya wanawake wenye ndoo.

Na siku ile ukanituma nikampekue. Ulikuwa umesimama mlangoni umeshika kiuno. Bi Tatu alikaa kitandani, mikono mapajani. Nilifungua pipa lake la unga, nikainua godoro, nikashika mpaka nguo zake za ndani. Nikakuta mayai matatu kwenye bakuli. Akasema, "Nimeyanunua sokoni, Zaituni. Nimeyanunua asubuhi hii." Nikayabeba nikayatoa uani, kila mtu akayaona. Hukunishika mkono kunilazimisha. Hilo ni langu, sikutupii wewe.

Uliposema utamsomea mwizi halbadiri, dua ile ya kumwapiza mtu aliyeiba, nilidhani Bi Tatu atalia au atakimbia. Alisimama katikati ya ua akasema, "Isomeni. Na mimi nitaitikia amina." Ikasomwa. Akaitikia amina. Wiki ile ile akashikwa na homa, homa hii hii inayotushika sote kila msimu wa mvua, na mtaa mzima ukasema imempata. Watu wakaacha kununua maandazi yake. Wakampa jina, Bi Mayai. Alipopata nguvu ya kusimama alifunga karai lake akaondoka, hakuaga. Ulifagia chumba chake siku hiyo hiyo.

Basi nimesimama pale bandani, nalia, nasema moyoni: maskini mama, amekufa hajui. Naapa hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilikuonea huruma. Nilisema laiti angeishi siku chache zaidi akaona hiki ninachokiona, angekwenda mwenyewe miguu mitupu kumwomba radhi.

Nikaingiza mkono kutoa majani yaliyolowa. Pembeni kabisa mwa kiota mkono ukagusa yai. Zito, gumu, na upande mmoja lina tundu lililozibwa kwa donge la unga uliokauka. Nikalipasua. Ndani kulikuwa na uji mkavu wa rangi ya udongo, nikanusa, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Pilipili, na kitu kingine kikali nisichokijua.

Sikuelewa. Nikaliweka kwenye kibati. Ijumaa alipokuja Mzee Selemani na baiskeli yake, yule mpishi wa Wazungu wa Oyster Bay aliyekuwa akichukua mayai kwako, nikamwonyesha. Akacheka, mama. Akasema, "Hiyo si dawa yangu hiyo? Mimi nilimfundisha mama yako. Haradali nilimletea mwenyewe, nimeichota jikoni kwa bwana wangu. Unatoboa yai, unalimwaga, unajaza haradali na pilipili, unaziba kwa unga, unalirudisha kwenye kiota. Kuku mla mayai akilidonoa linamchoma, anakoma. Wengine wanakoma, wengine hawakomi."

Nikamuuliza, lini?

Akakuna kichwa. "Kabla ya mfungo wa mwaka jana. Nakumbuka maana nilikuwa nakuja na hamu ya maandazi ya yule mama wa chumba cha uani, nikaambiwa kahama wiki moja tu iliyopita."

Wiki moja.

Nilikaa chini palepale kizingitini. Mzee Selemani aliuliza kama naumwa. Nilimwambia ni jua.

Wiki moja baada ya Bi Tatu kuondoka ulikuwa unajua, kisha ukaishi miezi kumi na mmoja. Sasa nayaona yote. Kwa nini ulianza kuamka kabla yangu kuokota mayai mwenyewe, ukanikataza nisikanyage bandani. Kwa nini ulitundika gunia mbele ya viota kuwe na giza. Yale magamba ya kome uliyonituma Feri niyaokote, ukayachoma, ukayatwanga, ukawachanganyia kwenye pumba ili maganda ya mayai yawe magumu. Nilikuuliza, ukasema, "Wanapenda." Mimi nikadhani umeingiwa na woga wa wezi. Kumbe ulikuwa unawatibu kuku kwa siri. Kuku walipata dawa. Bi Tatu hakupata hata neno.

Na bombani wakisema Bi Mayai, ulikuwa unasikia. Nilikuwa nimesimama karibu yako. Ulijitwisha ndoo yako ukaenda zako.

Nimejaribu kukutetea. Najiambia uliona aibu. Najiambia uliiogopa ile dua, maana ilisomwa kwa aliyeiba, na hakuna aliyeiba, sasa ilikwenda kwa nani? Ulipoanguka uani, upande mzima ukafa ganzi, siku zile tisa ulikuwa unanivuta kanga na kusema "ku... ku...", na mimi nikijibu, "Kuku wamekula, mama, usijali." Labda ulitaka kusema. Lakini kabla ya siku zile tisa ulimi wako ulikuwa mzima, na ulitosha kugombana na mwuza samaki mpaka akakuachia changu wa ziada. Hapo ndipo utetezi wangu unapokufa.

Siku uliyofariki alikuja. Hujui hilo. Hakuna aliyemwita. Aliingia na kanga yake kichwani, wanawake wakasogea kama anayeambukiza, akapita katikati yao hadi ulipolazwa. Akakunja mikono ya gauni. Alikuosha yeye, mama, pamoja na mwoshaji. Alizisuka nywele zako upya, taratibu, kama vile bado kichwa kinauma. Mama mmoja aliposema, "Jamani, msameheni marehemu," wote tulisema tumemsamehe. Sikuisikia sauti yake. Alikuwa anakamua kitambaa.

Jumamosi nilikwenda kumtafuta mtaa wa Gerezani. Amepanga chumba nyuma ya karakana za reli, anawauzia mafundi maandazi wakitoka zamu. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye karai. Hakunipa kiti. Nikachutama kwenye moshi nikamwambia yote, kuku, lile yai, Mzee Selemani. Alikuwa anageuza maandazi, moja moja.

Nilipomaliza akasema, "Najua."

Nikauliza, unajuaje?

"Mama yako alikuja hapa. Mara mbili. Alisimama pale," akaonyesha kwa kijiti ng'ambo ya barabara, "ameshika kikapu. Nilimwona, naye aliniona. Mtu haji kusimama juani Gerezani kumtazama mwizi wake. Nikajua ameshajua. Nikangoja avuke." Akatoa maandazi yaliyoiva. "Hakuvuka. Na mimi sikumwita. Ningemwita angevuka, lakini kwa nini nimwite mimi?"

Nilianza kumwomba radhi. Nilimshika miguu. Akaivuta.

"Hapa unaniomba mbele ya nani, Zaituni? Mbele ya karai? Mlinitoa kwangu mbele ya watu."

Basi jana, kisomo kilipokwisha na sinia zikiwa bado chini, nilisimama kati ya wanawake, nikapaza sauti hata wanaume barazani wasikie. Nilisema Bi Tatu hakuiba kitu. Nilisema kuku wetu ndio waliokula mayai, na nimewaona kwa macho yangu. Nilisema mimi niliyabeba mayai yake aliyonunua nikayatembeza kama ushahidi. Kisha nikasema na lile jingine. Nilisema, mama alijua, akanyamaza.

Nilifikiri watalia. Mtu mmoja alikuwa bado anatafuna. Kisha Bi Mwajuma, yule aliyemzushia jina, akauliza, "Na ile homa?" Nikamwambia, "Homa ni mbu, Bi Mwajuma. Wewe ulishikwa mwezi uliopita, uliiba nini?" Akanyanyua viatu vyake akatoka. Wengine watatu wakamfuata, pilau mkononi. Kaka Hamisi aliingia mpaka kwa wanawake. "Unamvua nguo mama yetu kaburini," akasema. Nikamjibu kwamba nguo zile zilikuwa za Bi Tatu, mama alimvua akazivaa yeye. Akainua mkono. Hakunipiga, akaushusha, akaenda kukaa nje. Leo asubuhi amerudi Tanga bila kuniaga.

Bi Tatu hakuja arobaini. Nilimpelekea habari, hakuja. Lakini leo mchana wanawake wawili wa mtaa huu walikwenda Gerezani kununua maandazi, njia yote ile, na hapa jirani yanauzwa. Sijui walimwambia nini. Walirudi na maandazi kwenye karatasi, wakanipa moja. Sikuweza kulila.

Yule mwekundu nimemchinja, na wenzake wawili waliokuwa wanamfuata. Hao walishazoea, dawa ya Mzee Selemani ya haradali haiwafai tena. Waliobaki nawapa magamba, nimewaongezea viota wasigombee, naokota mayai mara tatu kwa siku. Jana nilipata sita. Unaona kazi yenyewe ilivyo ndogo?

Nilikupenda, mama. Ulinifundisha kulielekeza yai kwenye jua na kuona kama lina uhai, kiganja chako kimezunguka changu, na sijapata kujiona mtu wa maana kama siku hiyo. Ndiyo maana nina hasira hivi. Ungekuwa mtu baki ningekwishasahau.

Sasa nakuaga. Chumba cha uani sitampangisha mtu. Si kwamba Bi Tatu atarudi, nilimuuliza, akanicheka usoni. Nitakiacha tu. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, hilo ni haki yako na sitaliacha. Na kila Jumamosi nitakwenda Gerezani, nimkandie unga. Asiponifungulia, nitarudi Jumamosi nyingine. Barabara ile nitaivuka mimi.

Mungu ana rehema kuliko mimi. Akusamehe yeye kwanza. Mimi nitafuata, lakini si leo.

Mwanao,
Zaituni